Milimita za Malekalita

Mchele ukimwagwa polepole kwenye sinia: hivyo ndivyo mvua ilivyolia juu ya bati la zamani la nyumba ya baba yake, na Malekalita aliikumbuka sauti hiyo kuliko alivyoikumbuka sauti ya baba mwenyewe. Bati lilikuwa nene, limeliwa na chumvi, limepakwa rangi nyekundu mara nyingi hadi rangi ikawa kama ngozi ya pili. Chini yake alijifunza kulala na kuamka kwa kusikiliza. Alipokuja kupewa kazi ya kupima hali ya hewa ya kijiji, aligundua jambo ambalo hakumwambia mtu. Kabla hajaenda kutazama gilasi ya kipimamvua, sikio lilikuwa limeshamwambia. Saba. Kumi na moja. Akienda kutazama, anakuta saba, anakuta kumi na moja. Alizoea kusimama peke yake pale nyuma ya zahanati, gilasi mkononi, akicheka kimoyomoyo kama mtu aliyebahatisha kitendawili.

Kila asubuhi ya Mungu, Jumapili ikiwemo kwa ruhusa ya padre, alitazama mawingu, akatazama bendera ya shule inaelekea wapi, kisha akavuka kijiji kizima hadi kwenye kipimamvua: mtungi wa shaba uliosimama ndani ya uzio mdogo, wenye faneli ya shaba juu yake. Akishapima, anarudi hadi chumba cha redio, karibu na kwao, na saa tatu kamili anaisomea vipimo ofisi kuu kule Apia, Samoa. Miaka ile hakukuwa na simu za mkononi Tokelau, visiwa vitatu vidogo vya Bahari ya Pasifiki. Redio ilikuwa ya wote. Kila nyumba yenye sanduku la redio ililiacha limewashwa kwenye mkondo uleule, maana humo ndimo zilimopita habari za meli, za wagonjwa na za misiba. Basi milimita za Malekalita zilisikika visiwa vyote vitatu, watu wakiwa na vikombe vya chai mkononi.

"Lita ameshasema," walikuwa wakisema, na hapo ndipo siku ilipoanza.

Mwaka ule mama yake, bibi Hulita, alipooza upande mmoja. Asubuhi moja Lita alichelewa kwa sababu ya kumsafisha na kumgeuza, na usiku ule mvua ilikuwa imenyesha. Sikio lilisema tisa. Akakimbia moja kwa moja hadi kwenye redio, akasema tisa. Jioni alipopata nafasi ya kwenda kutazama, akakuta tisa, haikuzidi wala haikupungua.

Hilo ndilo lililomharibu. Angekuta nne, angeogopa.

Wifi yake Filomena, mke wa kaka yake Kelekolio, alikuja wiki ileile na kikapu chake cha kusukia mikeka. "Wifi," alisema, "kuanzia kesho asubuhi nakaa mimi na mama. Wewe nenda kwenye shaba yako." Na kweli akaja, kila siku, bila kukosa. Lita akapata asubuhi yake yote mkononi. Akawa anakunywa chai kwa utulivu, anachana nywele, anasuka, kisha anakwenda taratibu hadi chumba cha redio na kusema alichokisikia usiku. Sababu ilikuwa imekwisha, tabia ikabaki. Kila Jumatatu alijiambia kwamba atakwenda zahanati. Njia ilikuwa ileile, miguu ilikuwa mizima.

Ndipo bati likabadilishwa. Kijiji kilitenga fungu katika bajeti yake kwa ajili ya paa za wazee, na Sakalia, mwana wa shangazi yake Lita, aliyeshika hazina ya kijiji, akaagiza mabati kwa meli. Mabati yalikuwa mapya, yanang'aa, mepesi kama kifuniko cha sufuria. Usiku wa kwanza mvua ilipopiga, Lita aliinuka na kukaa kitako. Haikuwa mchele tena. Ilikuwa kama mtu anamwaga kokoto. Akatabasamu gizani. Asubuhi akasema kumi na nane.

Kwaresima ilikuja na upepo mkavu. Mvua ilikuwa inapita tu, matone makubwa machache, kelele nyingi, halafu kimya. Redioni Lita alisema kumi, kumi na nne, kumi na mbili. Ufukweni, vijana wa boti walianza kumtania.

"Dada Lita! Leo umetuletea milimita ngapi?"

"Kumi na mbili. Hamkusikia?"

"Tumesikia sana! Tulitaka kujua kama zimebaki, tuongezee kwenye tangi la mashine!"

Wakacheka hadi wakaegemeana. Naye akacheka, akawapungia mkono, akaendelea na safari yake. Alidhani wanampenda. Alikwenda na utani ule nyumbani, akamsimulia mama yake, na bibi Hulita akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Alipokumbuka baadaye, hicho ndicho kilichomuuma kuliko vyote, kwamba aliuchukua utani wao akautumia kumfurahisha mama.

Matangi ya maji ya kanisa yakashuka. Yale ya zahanati yakaanza kutoa maji yenye takataka za chini. Wanawake walikuwa wakifulia maji ya chumvi na kusuuzia kikombe kimoja. Kina mama walipokutana kwenye matangi, mazungumzo yalikatika Lita alipofika, na yeye akafikiri wanamstahi kwa sababu ya ugonjwa wa nyumbani kwao.

Mwezi na nusu baada ya Pasaka, boti zilirudi na jodari wengi, na samaki wote wakashushwa kwenye uwanja wa mgao. Huko kwao mgao huitwa inati: kinachopatikana kwa jasho la kijiji humwagwa chini kwenye changarawe, hugawanywa mafungu kwa kila nyumba kwa idadi ya watu wake, na hakuna anayeuliza nani alivua na nani alilala. Lita alikwenda na kikapu kuchukua fungu la mama yake. Alisimama kando ya boti ya kaka yake akingoja jina liitwe. Mle ndani ya boti, Mikaele, mmoja wa wale watani, alikuwa anamimina petroli iliyobaki kutoka kwenye dumu kuirudisha kwenye pipa. Alikuwa anaimiminia kwenye faneli ya shaba.

Lita aliitazama faneli. Ilikuwa na kovu dogo ukingoni, pale alipoiangusha mwenyewe mwaka wa kwanza wa kazi.

"Mikaele, hiyo umeitoa wapi?"

"Ipi, dada?"

"Hiyo unayomiminia."

Mikaele akaitazama kama ndiyo kwanza anaiona. "Aa. Hii? Hii ya kijiji."

"Imekaa humu tangu lini?"

Dumu liliendelea kuinama mkononi mwake, petroli ikaanza kumwagika pembeni. Bibi mmoja nyuma ya Lita akasema bila hasira, "Mwambie tu, kijana. Unamwaga mafuta ya watu."

"Tangu Jumatano ya Majivu," Mikaele alisema. "Yetu ya plastiki ilipasuka. Tulisema tunaiazima siku moja, kesho yake dada Lita atakuja juu, tutaomba radhi na kurudisha." Akainua dumu. "Tukangoja uje juu."

Kesho yake, Alhamisi baada ya Majivu, Lita alikuwa amesema redioni kumi na nne.

Hakuna aliyecheka. Kama wangecheka angepata pa kushika. Uwanja mzima ulishikwa na kazi ghafla: huyu anapanga mikia ya samaki, yule anafukuza nzi ambao hawapo, watu wazima wameinama wote kana kwamba wamedondosha sindano. Kaka yake Kelekolio alikuwa hatua chache tu, kisu mkononi, na alimpa mgongo. Mgongo wa mtu aliyesikia.

"Fungu la Hulita!" mgawaji akaita, kwa sauti ileile aliyowaitia wengine.

Lita alikwenda mbele ya watu wote, akachukua samaki wake, akaondoka.

Filomena alikuwa mlangoni anasuka mkeka. Alipouona uso wa wifi yake aliweka ukindu chini.

"Ulijua?" Lita aliuliza.

"Kila mtu alijua, wifi."

"Kelekolio?"

"Ndiye aliyeing'oa. Haendi kulala bila kuniambia, kamwambie dada yangu. Namwambia, si ni dada yako wewe? Anasema, ndiyo maana siwezi."

Na kweli asingeweza. Kaka na dada wa huko hawataniani, hawaketi mkeka mmoja, na neno baya halipiti kati yao hata kwa bahati mbaya. Kelekolio angeweza kuzama baharini kwa ajili ya dada yake. Kumwambia kwamba ni mwongo, hapana.

"Na wewe? Wewe si kaka yangu. Kwa nini hukuniambia?"

Filomena aliokota tena ukindu wake. "Nilikuwa nakaa hapa kila asubuhi ili uende, Lita. Ningekuambia nini zaidi?"

Kutoka ndani, bibi Hulita akaita kwa ile sauti yake iliyoteguka, "Ni Lita huyo? Mwanangu, nimekusikia leo redioni. Umesoma vizuri. Baba yako angefurahi."

Lita akainama kwenye kikapu, akaanza kuparua samaki ambaye hakuna aliyemwomba amparue.

Kesho yake baraza la wazee lilikuwa na kikao cha maji, na alijua, kama kila mtu alivyojua, ni nini kitakachosemwa. Ofisi kuu ilikuwa na mfuko wa dharura wa visiwa vyote vitatu, uliotunishwa na ada za meli za kigeni zinazovua jodari katika maji yao. Mfuko huo hufunguliwa kwa kisiwa ambacho kipimamvua chake kimeonyesha ukame wa miezi mitatu. Usipofunguliwa, kijiji hununua maji kwa fedha zake. Na fedha pekee zilizokuwa kwenye hazina ya kijiji mwaka ule zilikuwa za saruji ya ukuta wa bahari, ule wa kuzuia mawimbi yaliyokuwa yanakula makaburi. Kaburi la baba yake lilikuwa safu ya mbele.

Aliitwa, kama alivyoitwa kila mara, kuthibitisha vipimo. Aliketi karibu na nguzo ya mwisho, miguu ameikunja, macho kwenye mkeka. Sakalia alisoma barua ya ofisi kwa sauti ya mtu anayetafuna mchanga.

"Wanasema kipimo chetu kinaonyesha mvua ya kutosha. Wanasema wanatupongeza."

Mzee mmoja akakohoa. Mwenyekiti wao, mzee Ioakimi, aligeuka kuelekea kwenye nguzo. "Binti yangu. Una la kusema?"

Hapo alielewa kwamba hawakumwita kuthibitisha kitu. Walikuwa wanamngoja. Kijiji kizima kilikuwa kinamngoja tangu Majivu, kama wale vijana, aje juu.

"Vile vipimo sikuvipima," alisema. "Nilivisikia."

"Ulivisikia kwa nani?"

"Kwenye bati."

Mzee mmoja wa pembeni, ambaye masikio yake yalikuwa mazito, akauliza kwa sauti, "Kasema kwa nani?" Jirani yake akamjibu, "Kwa bati!" na yule mzee akasema, "Hilo bati ni la ukoo gani?" Kicheko kikawatoka wachache kabla hawajakizuia. Lita alihisi uso wake unawaka hadi kwenye masikio, yaleyale masikio.

Mzee Ioakimi hakucheka. "Bati la zamani au hili jipya?"

Lita aliinua macho kwa mara ya kwanza. Hakuwahi kujiuliza. Alizisikia zile kokoto, akamwona Sakalia akishuka na mabati begani, mepesi kama vifuniko, na milimita zake zote za Kwaresima zikamwagika chini mbele yake.

"Jipya," alisema.

Sakalia alikunja barua mara mbili. "Yale mabati," alisema polepole, "nilichukua membamba. Nilitaka fungu lienee nyumba zote." Hakuna aliyemuuliza. Alisema tu, na akajifuta jasho.

"Umekuwa na mgonjwa nyumbani," mzee Ioakimi akasema. Aliisogeza ile sababu mbele yake kwa upole, kama mtu anayemsogezea mgeni mto wa kuegemea. "Tunajua. Kumuuguza mama si mchezo. Kila mtu hapa angeelewa."

Lita alichohitaji ni kuegemea tu. Wazee walikuwa tayari wameanza kutikisa vichwa kwa huruma.

"Hapana, mzee. Filomena alikuwa anakaa naye. Kila asubuhi. Nilikuwa na nafasi ya kwenda. Sikwenda tu."

Vichwa vikaacha kutikisika.

Hawakumfukuza. Angependa wangemfukuza, au wampige faini ya nguruwe, au wamweke asafishe uwanja wa kanisa mwaka mzima, watu wakipita wamwone. Mzee Ioakimi alisema maneno mawili tu: yaliyosemwa redioni yakasahihishwe redioni, na yule aliyeyasema.

Basi asubuhi, saa tatu, watu wakiwa na vikombe mkononi katika visiwa vitatu, Lita aliminya kitufe na kusema kwamba vipimo vya mvua vya kisiwa chao, tangu kabla ya Jumatano ya Majivu, vifutwe.

Redio ikakwaruza. Kule Apia alikuwapo kijana mwenye adabu nyingi. "Rudia tafadhali, mama. Vifutwe vipi?"

"Vya mvua."

"Vya tarehe zipi?"

"Zote."

"Sababu tafadhali. Kifaa kimeharibika?"

Aliitazama sponji nyeusi ya kipaza sauti. Kifaa kilikuwa kimeng'olewa kweli. Angeweza kusema ndiyo, na lisingekuwa hata neno la uongo.

"Kifaa hakina kosa," alisema. "Mpimaji hakupima."

"Rudia tafadhali."

Akarudia.

Jibu lilikuja siku mbili baadaye, kwa adabu ileile. Mvua isiyopimwa haihesabiki kuwa ndogo wala kubwa. Miezi ile sasa haikuwa na namba kabisa, na mfuko usingeweza kufunguliwa kwa kurasa tupu. Waanze kupima upya. Kwa hiyo ukweli wake haukuleta hata tone. Sakalia alifuta saruji kwenye bajeti, akaandika maji. Meli ilipokuja, mapipa yalishushwa kwa mashua, yakapangwa kwenye uwanja wa mgao, na wanaume wakajaza magunia mchanga kwa majembe, wakayalaza mbele ya safu ya kwanza ya makaburi. Kila mtu aliona kwamba magunia ni mafupi.

"Fungu la Hulita!" mgawaji akaita.

Sauti ileile. Kipimo kilekile cha ndoo, hadi ukingoni, hata tone moja halikupunguzwa. Lita alisimama mbele ya maji ya ukuta wa baba yake, ndoo hajaigusa. Angeweza kustahimili fungu dogo.

"Chukua, dada," Mikaele alisema kwa sauti ya chini, bila utani. "Kuna watu nyuma yako."

Jioni ile alikuta faneli mlangoni. Imesuguliwa kwa mchanga na ndimu, inang'aa kama ya altareni, imewekwa juu ya jani safi la mshelisheli. Hakukuwa na mtu. Kwenye changarawe palikuwa na nyayo pana za kaka yake, zilizokuja hadi kizingitini, zikasimama hapo muda mrefu kiasi cha kuacha shimo, kisha zikarudi. Aliipeleka puani. Bado ilinukia petroli, kwa mbali.

Tangu hapo alivuka kijiji kila asubuhi. Njia ilikuwa imerefuka. Watu walimsalimu kama zamani, labda kwa upole zaidi, na ule upole ulikuwa kama jua la mchana kwenye kichwa kisicho na kitambaa. Siku nyingi mtungi ulikuwa mkavu. Alikuwa akifungua, anainua gilasi tupu hadi usawa wa jicho, anaitazama kwa muda uleule ambao angeitazama ikiwa imejaa. Kisha redioni: hakuna. Kesho yake: hakuna. Hakuna aliyesema tena kwamba Lita ameshasema.

Bibi Hulita hakuwahi kuligusia jambo lile. Redio ilikuwa kando ya kitanda chake, na asubuhi ile ya masahihisho Filomena alitaka kuizima. Mgonjwa aliuweka mkono wake mzima juu ya kitufe, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba ageuzwe aelekee ukutani.

Mvua ya kweli ilikuja asubuhi moja, kabla ya chai. Ilitoka upande wa bahari ya ndani, ile inayozungukwa na kisiwa, nzito, bila upepo, ikaliangukia bati jembamba kwa kishindo hadi vikombe vikatetemeka rafuni. Nje, watu walikuwa wanapiga kelele na kutoa masufuria. Filomena alikimbilia kwake kuweka mapipa chini ya michirizi. Lita alikuwa amepiga magoti kitandani, anamshika mama yake mgongo ili amgeuze, na akasimamisha mikono bila kujua. Alikuwa anasikiliza. Mvua ikapungua, ikawa nyuzi, ikakatika. Na sikio, mbwa yule wa zamani, likaja mbio kuleta namba yake.

Bibi Hulita aligeuza kichwa kutoka ukutani. Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza tangu siku ile.

"Mwanangu," alisema kwa upande wake mmoja wa mdomo, "imefika ngapi?"

Lita alimlaza vizuri, akamfunika shuka hadi kifuani. Akachukua kanga yake msumarini.

"Sijui, mama," alisema kwa sauti ndogo sana. "Naenda kutazama."